Tawi la Mfenesi: Namna ya Kutengeneza Mwenyewe Bodi ya Kempa Iliyopasuka

Nilikuwa narudi nyuma polepole, mama watoto amesimama nje ananielekeza kwa mkono, nami macho yangu yote yako kwenye kioo cha kushoto. Kilichotupata kilikuwa upande wa kulia, tena juu: tawi la mfenesi, nene kama paja. Mlio wake ulikuwa kama wa gunia jipya linapochanwa. Niliposhuka nikakuta kona ya nyuma ya kempa, gari letu la kulala safarini, chini kidogo ya paa, imepasuka urefu wa shubiri mbili, na nyuzi nyeupe za fibaglasi zimechomoza kama katani. Tulikuwa kwenye kambi moja karibu na Masindi, hapa Uganda, mwezi wa Aprili, saa tisa alasiri, na wingu jeusi lilikuwa limeshatanda.

Sikukaa kuusikitikia ule mpasuko. Nilikimbilia turubai, kwa sababu somo hili nilikuwa nimeshalilipia. Miaka michache kabla ya hapo nguzo ya geti ilitoboa ubavu uleule, tundu dogo la kupitisha kidole gumba. Nikampelekea fundi mmoja wa bodi mjini Kampala. "Mzee, nenda kanywe chai, ukirudi utalikuta jipya," akaniambia, na kweli jioni nililikuta jipya. Hata mimi sikuweza kuonyesha palipotoboka. Baada ya miezi mitatu rangi ikaanza kuvimba kama andazi. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Alikuwa amekandika puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bodi, juu ya mbao iliyolowa, akapiga rangi, akayafungia maji ndani. Fremu ilitoka vipandevipande kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji, na rangi inakuja karibu na mwisho. Mwenye haraka ya kuona gari linang'aa ataudhika njiani.

Saa ya kwanza

Zima kwanza. Funga mtungi wa gesi kwenye valvu yake, zima umeme wa ndani, na kama ulikuwa umechomeka umeme wa kambi, chomoa. Ndani ya ukuta wa kempa nyaya hupita mahali usipopafikiria, na tawi au nguzo inaweza kuwa imezichuna ganda. Kisha piga picha, za karibu na za mbali, kabla hujagusa kitu. Kama limehusika gari lingine, bodaboda au ukuta wa mtu, ita polisi wa trafiki waandike kwanza. Bima ya lazima hapa Uganda ni ile ya mtu wa tatu, nayo haikulipii bodi yako mwenyewe; lakini ukiwa na bima kubwa, kampuni itataka kuona uharibifu kama ulivyotokea, si baada ya mikono yako kupita.

Halafu ziba. Futa pembezoni mwa mpasuko kwa kitambaa chenye spiriti, maana utepe haushiki juu ya vumbi, na lile vumbi jekundu la barabara za maramu, yaani za udongo, huwa limejipaka kila mahali hata usipoliona. Weka kavera nene, yaani kipande cha mfuko wa plastiki, juu ya tundu, kisha utepe mpana wa kijivu, ule wenye kitambaa ndani, kuzunguka kingo zote. Ukilazimika kutumia kanda kadhaa, anzia chini ukipanda juu, ukanda wa juu uulalie wa chini, kama unavyoezeka mabati. Ukianzia juu kila mshono unageuka mfuko wa kukinga mvua. Usiache ncha hata moja ikipepea. Ukifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa upepo utaishika hiyo ncha na kubandua kavera yote. Yetu ilishika mpaka Kampala, zaidi ya kilomita 200, na mvua ilitukuta Luweero ikatupiga ipasavyo.

Hapo usishawishike kuzibia silikoni ya dukani, hasa ile inayonuka siki. Asidi yake hula chuma na alumini, na hata ukiibandua huacha utelezi usiokubali rangi wala rezini, ile gundi ya fibaglasi. Nimewahi kutumia siku nzima kuondoa silikoni ya mtu aliyeipaka kwa dakika mbili.

Ujue ngozi ya gari lako

Kempa hapa kwetu ni neno pana. Kuna HiAce yenye kitanda nyuma, kuna Land Cruiser yenye hema juu ya paa, kuna karavani ya kuvutwa aliyoiacha Mzungu mkataba wake ulipokwisha, na kuna lori la Fuso lililojengewa chumba. Ngozi zake hazifanani, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Chukua sumaku, hata ya spika iliyokufa. Ikishika, hicho ni chuma, na kazi yako ni ile ya bodi ya gari la kawaida: kunyoosha, kuondoa kutu mpaka chuma kiwe cheupe, praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, siku hiyohiyo kabla umande haujaingia, puti, rangi. Mafundi wanaoijua kazi hiyo wapo kila mtaa na sitakaa hapo. Isiposhika, na ukuta ukiwa wa baridi mkononi na una mistari au mikunjo ya kiwandani, hiyo ni alumini. Ukiona nyuzi nyeupe palipovunjika, ni fibaglasi. Kona, bampa na vikombe vya taa mara nyingi ni plastiki. Geuza kipande utazame nyuma, herufi zimechorwa pale pale: ABS au PP. Kama herufi zimefutika, vunja kichembe ukitie kwenye glasi ya maji. PP huelea, ABS huzama.

Gari moja linaweza kuwa na zote. Letu lina kichwa cha chuma, chumba cha fibaglasi juu ya fremu ya mbao, na bampa ya ABS.

Na kama ni mbonyeo tu kwenye alumini, bila tundu wala mshono kuachia, ushauri wangu ni uuache. Alumini hutanuka ikigongwa. Ukiipiga nyundo ili irudi, unapata tumbo badala ya shimo. Mbonyeo hauvuji maji. Tunao mmoja tangu tulipolinunua gari, watoto wameupa jina.

Kausha, na usijidanganye

Shika bisibisi upande wa chuma, gonga ukuta kwa mpini, taratibu, ukianza mbali na mpasuko. Penye uzima panalia kavu: tak, tak. Ngozi ilipoachana na sponji au mbao ya ndani panalia dubu-dubu, kama ngoma iliyolegea. Weka alama ya chaki kila sauti inapobadilika. Kwangu mpasuko ulikuwa shubiri mbili, lakini alama za chaki zilizunguka eneo kubwa kama sinia.

Kisha ingia ndani ukate plaiwudi ya ukuta mahali hapo. Usiionee huruma, kipande kipya ni rahisi, na bila kufungua hujui unachokifunika. Toa sponji yote iliyolowa, haikauki ikiwa imebanwa. Choma fremu kwa ncha ya bisibisi: inapozama, hapo pameoza, na ukate mpaka ufikie mbao ngumu. Mbao mbadala tafuta Ndeeba, kwa wauza mbao wa Kampala. Chagua paini iliyokauka vizuri, isiyo na vifundo. Mvule ni imara lakini ni mzito, na uzito kwenye ubavu wa juu wa gari utausikia kwenye kila kona ya barabara ya Kabale. Unganisha mbao mpya na ya zamani kwa mkato wa mshazari, gundi ya poliurithani, na skrubu zisizoshika kutu.

Kukausha kwenyewe kunahitaji upepo kuliko moto. Milango wazi, feni ikipuliza kwenye tundu, gari juani mchana na chini ya turubai usiku. Kuna watu huingiza sigiri ya mkaa ndani wakafunga milango ili pakauke upesi. Usithubutu, wala usimruhusu mtu alale humo: kaboni monoksidi ya mkaa haina rangi wala harufu, na imeshaua watu wengi waliolala na sigiri chumbani.

Utajuaje kwamba pamekauka? Bandika kipande cha nailoni angavu juu ya mbao, utepe kingo zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, rudisha feni. Kwetu ilichukua siku tisa, kwa kuwa Aprili ni katikati ya mvua za Machi hadi Mei. Ukiweza kuchagua, kazi kama hii fanya Juni au Julai, au baada ya mvua za Septemba hadi Novemba kwisha. Ajali haichagui, ila kazi ya kudumu inaweza kusubiri chini ya turubai.

Fibaglasi

Hapa ndipo mwenye kempa anapoogopa bure. Fibaglasi ni nguo na gundi. Anayejua kushona kiraka ana nusu ya akili inayohitajika.

Tafuta rezini ya poliesta na hadena yake, yaani dawa ya kuigandisha, mati ya fibaglasi, yaani mkeka wa nyuzi, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, asetoni, brashi za bei nafuu ambazo hutazililia, msasa namba 40, 80, 120, 180, 240 na 400, glavu, barakoa nzito na miwani ya kukinga macho. Msasa, puti na thina vipo Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Rezini na mati, waulize mafundi wanaojenga bodi za mabasi wananunua wapi, kwani wao hawakubali kuuziwa iliyopitwa na tarehe. Nawe soma tarehe kwenye kopo.

1. Osha kwa sabuni na maji, kausha, kisha futa kwa asetoni kabla ya kupiga msasa. Wengi hugeuza utaratibu huu. Ukuta wa kempa huwa na nta ya miaka. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rezini itabanduka kama ganda la yai.

2. Fuata ufa mpaka unapoishia. Paka vumbi la penseli kwa kidole ufute. Mstari mweusi utabaki kwenye ufa usiouona kwa macho. Mwishoni mwa kila ufa toboa tundu la milimita 3. Usipoukatia njia utaendelea kutembea chini ya kazi yako. Kata nyuzi zilizolegea kwa kipande cha msumeno wa chuma.

3. Chonga kingo ziwe mteremko mrefu. Kipimo ninachofuata ni milimita 12 za mteremko kwa kila milimita moja ya unene. Ngozi yetu ni milimita 3, kwa hiyo nilichonga karibu sentimita 4 kuzunguka tundu lote, kwa msasa namba 40. Utajiona unaharibu zaidi ya tawi lenyewe. Vumilia, kwa sababu kiraka kinashikwa na upana wa huo mteremko; ukikiweka bega kwa bega na ukingo uliosimama wima kitang'oka kwenye rasta, yaani matuta ya barabarani, za kwanza. Vaa mikono mirefu na barakoa. Jioni jimwagie maji baridi bila kujisugua, la sivyo utajikuna mpaka alfajiri.

4. Tengeneza mgongo, yaani kitu cha kuizuia mati isidumbukie ndani. Ukiweza kufika kwa nyuma, bandika ubao mwembamba uliofunikwa nailoni. Mimi sikuweza, kwa sababu pale kwenye kona fremu inaziba. Nikachukua jerikeni ya njano iliyopasuka, ile ya kuchotea maji, nikakata kipande kikubwa kidogo kuliko tundu. Jerikeni ni polithini, na rezini haiishiki kamwe. Nikatoboa matundu mawili katikati ya kipande, nikapitisha waya mwembamba, nikakikunja kama chapati, nikakisukuma ndani ya tundu. Kilipofunguka upande wa pili nikauvuta waya, kikalala vizuri nyuma ya ukuta na umbo la kona likafuata lenyewe, kwa sababu nilikikata kwenye bega la jerikeni penye mviringo. Waya nikaufunga kwenye kijiti kilicholazwa nje, nikakizungusha mara mbili kukaza. Rezini ya kwanza ilipokauka nikakata waya. Kipande cha jerikeni kilidondoka ndani ya ukuta nikakitoa kupitia upande wa plaiwudi.

5. Changanya kidogo kidogo. Kwa rezini mililita 100, hadena mililita 1 hadi 2. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Usikisie kwa kifuniko. Kwa joto la mchana wa Kampala mimi nakaa kwenye 1 hadi 1.5, na kopo moja linanipa kama dakika kumi na tano za kazi. Ukichanganya kopo kubwa kwa pupa, litachemka lenyewe mkononi na kutoa moshi. Hadena hiyo ikiruka jichoni inaweza kupofusha, kwa hivyo miwani si mapambo. Ikitokea, suuza kwa maji mengi bila kukoma huku mtu anawasha gari kwenda hospitali. Na muuzaji akikupa chupa ya tatu yenye dawa ya zambarau, hiyo ni kobalti ya kuharakisha. Kobalti inachanganywa na rezini kwanza mpaka ipotee kabisa, ndipo hadena ifuate. Kobalti na hadena zikikutana zenyewe kwa zenyewe hulipuka. Bora ununue rezini iliyokwisha kutiwa kobalti kiwandani. Fanya kazi nje, kivulini, penye upepo.

6. Paka rezini kwenye mteremko, laza kipande cha kwanza cha mati, kisha kidonoe kwa ncha ya brashi. Usisugue, ukisugua nyuzi zinakusanyika kama manyoya ya kuku aliyelowa. Donoa mpaka weupe wa mati upotee na uone chini yake. Palipobaki peupe pana hewa, na penye hewa patapasuka. Kila mati ya gramu 450 ikilowa vizuri inakupa karibu milimita moja, hivyo ngozi ya milimita 3 inataka tabaka tatu, kila moja pana kuliko iliyotangulia kwa upana wa kidole. Usizidishe tabaka nne kwa mkupuo mmoja, joto lake litakunja kiraka.

7. Juu ya tabaka la mwisho laza nailoni angavu na uipapase kwa kiganja chenye glavu kutoka katikati kwenda kingoni. Poliesta ikiguswa na hewa hubaki inanata usoni. Chini ya nailoni inakauka ngumu na laini. Iache mpaka kesho yake, hata kama baada ya saa mbili inalia kama kikombe ukiigonga.

Puti na masizi

Asubuhi bandua nailoni, piga msasa namba 80, na hakikisha kiraka kiko chini kidogo ya ukuta wa pembeni, kiasi cha unene wa kucha. Nafasi hiyo ndiyo ya puti, na puti haitakiwi zaidi ya hapo. Puti ya poliesta imejaa unga wa talki, na unga huo hunywa maji. Haizibi tundu, haibebi uzito, na usiiache usiku mmoja nje bila praima wakati wa mvua. Kosa la yule fundi wangu wa kwanza lilikuwa hilo: kazi ya nguo na gundi aliifanya kwa unga.

Tonge la puti la kujaza mdomo, hadena kiasi cha punje ya haragwe. Kandika kwenye kipande cha kioo au bati safi kwa kulaza bapa la kupakia, si kwa kupiga kama mayai, maana kupiga kunaingiza hewa na baadaye utaona vitundu kama vya kalimati. Rangi ikiwa moja bila mistari, paka upesi. Una dakika nne, tano ukiwa na bahati.

Msasa wa puti uvingirishe kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, usiushike kwa vidole. Vidole vinafuata mabonde, mbao inayafichua. Na hapa nina siri ya jikoni: kusanya masizi ya chini ya sufuria, yaliyo laini kama unga, uyapake kwa kitambaa kikavu juu ya puti. Piga msasa mara chache. Penye mwinuko masizi yanatoka, penye bonde yanabaki meusi. Jaza bonde, paka tena masizi, piga tena, kutoka namba 80 hadi 120, 180, 240. Nilirudia mara nne. Mama watoto alipopitisha kiganja akiwa amefumba macho akashindwa kusema kiraka kinaanzia wapi, nikajua tumefika. Futa masizi yote kwa spiriti kabla ya praima.

Ikiwa ni alumini

Tundu kwenye alumini halijazwi, linawekewa kiraka. Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma Kampala, utapata wa kukukatia bamba la alumini la unene wa milimita 1 kwa kipimo chako. Lizidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, na kona zake ziwe za mviringo, kwa sababu kona kali hubanduka na huchana watu mikono. Safisha chini mpaka ing'ae, paka gundi ya kuziba ya poliurithani mfululizo kuzunguka, kisha piga riveti za alumini, moja kila sentimita 3 au 4, kila riveti ikichovywa kwenye gundi hiyohiyo. Usitie skrubu za chuma. Chuma na alumini vikikutana na maji, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe ukizunguka kila skrubu. Ukitaka kupaka rangi, tumia praima ya kung'ata, ile inayojishikiza kwenye alumini, na uipake mara tu baada ya msasa. Ngozi ya oksidi hujirudia upesi.

Bampa, taa na madirisha

Plastiki ya ABS iliyopasuka: toboa mwisho wa ufa kama ulivyofanya kwenye fibaglasi, katakata vipande vya ABS hiyohiyo ndani ya chupa ya kioo yenye asetoni, acha usiku kucha viwe uji mzito, kisha paka uji huo kwa nyuma juu ya kitambaa cha fibaglasi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. PP haiyeyuki kwa asetoni. Hiyo mpelekee fundi mwenye pasi ya kuchomelea plastiki.

Madirisha ya kempa mara nyingi ni ya akriliki, si kioo. Thina, petroli au asetoni ikidondoka hapo, nyufa ndogondogo zitachanua kama utando wa buibui na hazitoki tena. Funika madirisha kabla hujafungua kopo lolote.

Rangi

Hapa naungama kwamba nafanya nusu tu. Praima napaka mwenyewe, napiga msasa namba 400 kwa maji, halafu nampa mpiga rangi. Rangi ya sehemu mbili yenye hadena ina kemikali iitwayo isosiyaneti, na mvuke wake ukipulizwa unaumiza mapafu hata ukiwa na barakoa nzuri ya vumbi. Inahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama eneo ni dogo, kopo la kupuliza au brashi laini ya enameli inatosha, na kwa umbali wa hatua tatu hakuna atakayejua.

Kupata rangi inayolingana, tazama kibao cha chuma ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota tafuta herufi C/TR. Tarakimu za mwanzo ni namba ya rangi, kwa mfano 040 ni nyeupe. Lakini jua la ikweta limeshaipausha rangi yako, hivyo beba na kifuniko cha tangi la mafuta, wachanganyie hicho, si namba peke yake.

Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, umande ukiwa umekauka na mvua haijaanza kunong'ona. Hewa yenye unyevu huipa rangi ukungu mweupe. Ukiwa Entebbe au popote kandokando ya ziwa, angalia kwanza wale wadudu wa ziwani wanaotembea kama moshi; wakitua kwenye rangi mbichi unapata kempa yenye manyoya. Na kama kiraka ni kikubwa ukaamua kukipamba, usichague buluu wala nyeusi ikiwa safari zako ni za mbuga ya Murchison. Mbung'o huzipenda rangi hizo mbili, hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Ukibadilisha rangi ya gari zima, kumbuka pia kwamba rangi ya zamani imeandikwa kwenye logbuku.

Viungo, na jaribio la bomba

Pigo la tawi halikai pale lilipopiga. Linatikisa kona nzima, na mikanda ya alumini inayofunika viungo huachia kidogo bila kuonekana. Ng'oa mkanda ulio karibu na kiraka, kwangua gundi yote ya zamani kwa kipande cha plastiki, futa kwa spiriti, laza utepe wa butili, ule laini wa mpira unaonata, chini yake, urudishie. Kaza skrubu mpaka butili ianze kuchungulia kingoni, basi. Baada ya siku mbili tatu za jua butili italegea na kutulia. Kaza tena robo mzunguko, ukate iliyochomoza.

Mwisho ni bomba la maji. Usirushe maji kwa nguvu, yaache yatiririke kama mvua ya kawaida. Anza chini ya kiraka, dakika kumi, panda juu kidogo, dakika kumi, halafu mshono wa paa. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Lazima mtu awe ndani na tochi, kabla hujarudisha plaiwudi. Sisi tulimweka kijana wetu wa pili, na tukakubaliana: akigonga ukuta mara mbili ni pakavu, mara tatu ni panavuja.

Kiraka, kimya, kisha mara mbili. Mshono wa paa, mara mbili. Nikasogeza bomba kwenye taa ya nyuma, ambayo tawi halikuigusa kabisa, akagonga mara tatu. Raba yake ilikuwa imekufa kwa uzee, na huenda maji ya miaka yote yaliingilia hapo. Nikaing'oa taa, nikalaza butili mpya, nikarudisha bomba, tukasubiri dakika kumi nyingine. Akagonga mara mbili.